Muhanga, Mchimbaji wa Usiku

Mara kwa mara mwenye shamba katika sehemu za Rongai, Gilgil au Naivasha huamka alfajiri, akaenda kuangalia mpaka wa shamba lake, akakuta shimo kubwa ambalo jana jioni halikuwapo. Udongo umetupwa nyuma kwa wingi, kana kwamba vijana wawili walikesha wakichimba kwa majembe, nao mdomo wa shimo ni mpana hata mtoto aweza kuingia. Hapo ndipo maneno huanza. Mmoja husema ni fisi, mwingine husema ni chatu, wa tatu hunong'ona kwamba ni wezi waliokuwa wakitafuta kitu kilichozikwa zamani. Mara chache atatokea mzee akainama, akazitazama alama za kucha nene kandokando ya shimo, akasema kwamba huyo ni muhanga tu.

Si ajabu kwamba wengi hawamtambui. Wako watu waliozaliwa na kuzeeka karibu na Ziwa Nakuru wasimwone hata mara moja, ingawa mashimo yake wameyapita kila siku. Muhanga hutoka giza likiisha kuingia, na kwa kawaida hurudi chini kabla ya mapambazuko. Huenda peke yake, hana kelele, hali mahindi, wala hagusi kuku. Jina lake lenyewe huwapotosha watu, kwa maana hufanana na neno mhanga, yaani mtu anayejitoa nafsi yake kwa ajili ya wengine, na huyu hajitoi kwa ajili ya mtu yeyote. Yeye hutafuta mchwa.

Umbo lake ni la kushangaza. Mwili wake ni mnene na mgongo umepinda kama upinde. Pua yake ni ndefu na butu kama ya nguruwe. Masikio yake husimama kama ya punda. Na mkia wake ni mnene sana shinani, ukizidi kuwa mwembamba mpaka nchani. Mkubwa huwa na uzito wa kilo 40 hadi 65, na wengine huzidi hapo. Kutoka pua hadi ncha ya mkia hupita mita moja na nusu. Ngozi ni nene, yenye nywele chache ngumu, nayo kwa kawaida huonekana ya rangi ya udongo wa mahali anapokaa, kwa sababu udongo huo ndio uliompaka. Miguu ya mbele ina vidole vinne na ya nyuma vitano, na kila kidole kina ukucha mrefu, mpana, wenye nguvu, mfano wa jembe dogo.

Makaburu wa Afrika ya Kusini walimpa jina lenye maana ya nguruwe wa ardhi, na jina hilo ndilo lililoenea katika vitabu vya Wazungu. Lakini muhanga si nguruwe, wala hana udugu na nguruwe. Wataalamu waliochunguza damu na mifupa ya wanyama wamegundua kwamba jamaa zake ni ndovu, nguva wa baharini, na wale pimbi wadogo wanaoota jua asubuhi juu ya miamba ya Hell's Gate. Katika kundi lake mwenyewe amebaki peke yake duniani: ndugu zake wa karibu walikwisha zamani, na mifupa yao imebaki ndani ya mawe. Baadhi ya mifupa hiyo ilifukuliwa katika kisiwa cha Rusinga, Ziwa Viktoria, ikaelezwa na wataalamu mwaka 1956, nayo inakadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 18 hivi. Huyo wa Rusinga alikuwa mdogo kuliko muhanga wa leo, lakini mikono yake ilikuwa tayari mikono ya mchimbaji.

Meno yake nayo hayafanani na ya mnyama mwingine yeyote. Muhanga mzima hana meno ya mbele. Ana magego tu, nayo hayana lile gamba gumu jeupe linalofunika meno ya watu na ya ng'ombe. Kila jino ni kama mrija mingi myembamba iliyofungwa pamoja, nalo hukua daima kadiri linavyolika.

Muhanga na Wenye Magamba

Katika nchi za Amerika yuko mnyama aitwaye armadilo, ambaye naye hufukua ardhi usiku akitafuta wadudu, na wasomaji wengine huenda wameona picha yake: mwaka 2014, mashindano ya Kombe la Dunia ya mpira yalipofanyika Brazili, armadilo ndiye aliyechaguliwa kuwa alama ya mashindano hayo. Mwili wake umefunikwa na vipande vya mfupa kama deraya ya askari wa zamani. Ziko aina zaidi ya 20, na watu wengi hudhani kwamba zote huweza kujiviringa kama mpira. La, ni aina mbili tu zinazoweza kujifunga kabisa. Armadilo mkubwa kuliko wote huchimba mashimo makubwa ambayo baadaye hutumiwa na wanyama wengine wengi wa misitu na mbuga za huko. Kwa tabia, basi, huyo na muhanga ni kama wafanyakazi wawili wa kazi moja, wasiojuana, wanaotenganishwa na bahari.

Wengine husema kwamba armadilo wa Afrika ni kakakuona, kwa sababu ya magamba yake. Hapo pia macho hudanganya. Magamba ya kakakuona hayakufanywa kwa mfupa bali kwa kitu kile kile cha kucha na nywele, na kwa ukoo yu karibu zaidi na mbwa na paka kuliko na armadilo. Kakakuona yumo Kenya, aina tatu. Wa nyika, atembeaye kwa miguu ya nyuma huku mikono ameikunja kifuani kama mzee anayewaza, anajulikana katika nchi ya Narok hata Maasai Mara. Na yule mkubwa kuliko wote bado yuko katika msitu wa Nyakweri, Trans Mara. Huyu ana bahati mbaya kuliko muhanga, kwa kuwa magamba yake yametafutwa sana na wachuuzi wa Asia ili yafanywe dawa, hata mwaka 2016 mataifa yaliyokutana Johannesburg yakakubaliana kupiga marufuku biashara ya aina zote nane za kakakuona kati ya nchi na nchi. Kakakuona wa nyika hachimbi sana. Mara nyingi hulala katika shimo lililochimbwa na muhanga, na kwa hiyo muhanga akiondoka, kakakuona naye amepoteza nyumba.

Mahali Anapopenda

Muhanga hachagui nchi kwa uzuri wake bali kwa udongo wake. Hutaka mambo mawili: mchwa na siafu wa kutosha, na ardhi inayochimbika. Kwa sababu hiyo sehemu ya kati ya Bonde la Ufa inamfaa mno. Milima ya moto ya Longonot, Eburru na Menengai ilimwaga majivu yake zamani za kale, yakafunika nchi kutoka Naivasha hata Nakuru, na udongo uliotokana na majivu hayo ni mwepesi na laini. Katika vichaka vya leleshwa, katika majani makavu chini ya migunga, na pembezoni mwa malisho ya ng'ombe, hapo ndipo mashimo yake huonekana. Penye mawe meusi yaliyoganda, kama vile ndani ya shimo la Menengai, hana kazi. Kadhalika hapendi ardhi ya matope inayojaa maji.

Jambo hili la maji limekuwa na uzito zaidi katika miaka ya karibuni. Tangu mwaka 2010 hivi maziwa ya Bonde la Ufa yalianza kupanda. Ziwa Nakuru, lililokuwa na eneo la kilometa za mraba 40 hivi, liliongezeka hata likapita 60, likafunika nyasi na migunga iliyokuwa kando yake, pamoja na lango kuu la hifadhi. Hifadhi hiyo, ambayo ilifanywa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1968, imezungushiwa ua wa umeme pande zote, na nje ya ua kuna mji na mashamba. Mnyama wa kuchimba aliye ndani anasukumwa na maji upande mmoja na ua upande wa pili. Nje ya hifadhi, kuelekea Elmenteita na Gilgil, bado kuna malisho mapana, lakini kila mwaka sehemu fulani hukatwa viwanja, na mahali palipojengwa nyumba na kuwekwa mbwa muhanga hakai.

Safari ya Usiku

Anapotaka kutoka, muhanga husimama kwanza mdomoni mwa shimo, masikio juu, akinusa na kusikiliza kwa muda mrefu. Ana sababu. Simba, chui na fisi humwinda, na chatu humeza watoto wake. Akiisha kuridhika hutoka, huenda pua yake ikikaribia kugusa ardhi, akipinda kushoto na kulia kama mtu aliyepoteza shilingi majanini. Macho yake ni dhaifu, lakini pua hufanya kazi yote. Kwa usiku mmoja huweza kwenda kilometa mbili hadi tano, na mara nyingine zaidi.

Akipata harufu ya mchwa huchimba mara moja. Mikono huvunja udongo, miguu ya nyuma huusukuma nyuma, na mkia hufagia. Kichuguu kigumu ambacho mtu hukipiga kwa sululu mpaka jasho likamtoka, yeye hukitoboa kwa dakika chache. Kisha huingiza pua, hufunga mianzi yake kwa nywele nyingi zilizomo ili vumbi na wadudu wasiingie, hutoa ulimi mwembamba wenye utelezi, urefu wa sentimeta 30 hivi, na mchwa hunata juu yake. Hatafuni sana, tumbo lake lina sehemu yenye misuli migumu inayosaga chakula pamoja na mchanga alioumeza. Inakadiriwa kwamba kwa usiku mmoja huweza kula wadudu hata 50,000.

Mkulima atauliza: je, mnyama huyu anamsaidia? Mchwa ni adui anayejulikana. Huangusha mahindi yaliyokaribia kuvunwa, hula nguzo za nyumba, hula hata vigingi vya ua. Lakini haifai kusema kwamba muhanga huwamaliza. Yeye hula kidogo katika kichuguu hiki, akaenda kingine, na baada ya siku kadhaa hurudi penye kile cha kwanza, wakati ambapo mchwa wamekwisha kutengeneza nyumba yao. Malkia aliye chini kabisa huendelea kutaga mayai. Basi muhanga ni kama mfugaji anayekamua bila kuchinja. Hata hivyo ni faida ya bure, tena faida ya kila usiku, na mwenye shamba halipi mshahara.

Uko mmea mmoja wa jamii ya matango, umeao katika nchi kadhaa za Afrika, ambao matunda yake huiva chini ya ardhi. Muhanga hulifukua tunda hilo na kulila, pengine kwa ajili ya maji yaliyomo, na mbegu hutoka katika mavi yake, ambayo huyafukia kwa udongo. Kwa njia hiyo mmea umepandwa mahali papya tena umetiwa mbolea. Hajulikani mnyama mwingine auenezaye.

Jike huzaa mtoto mmoja baada ya kuchukua mimba miezi saba hivi. Mtoto huzaliwa hana nywele, ngozi yake nyekundu imekunjamana, na hukaa shimoni majuma mawili kabla ya kuanza kumfuata mama yake. Afikapo umri wa miezi sita huweza kujichimbia shimo lake mwenyewe. Kuzaa mtoto mmoja mmoja namna hii maana yake ni kwamba mahali walipouawa, hawarudi upesi.

Wapangaji

Mashimo ya muhanga si ya namna moja. Mengine ni ya kutafutia chakula tu, mafupi. Mengine ni ya kulala siku moja au mbili. Yako pia makubwa ya kudumu, yenye milango zaidi ya mmoja na njia zinazokwenda mita nyingi chini ya ardhi. Humo joto la mchana na baridi ya usiku wa Bonde la Ufa havisikiki sana. Naye huhama mara kwa mara, akaacha nyumba wazi.

Wapangaji hawakawii. Ngiri ndiye wa kwanza, maana yeye mwenyewe si hodari wa kuchimba. Huingia kinyumenyume ili pembe zake zielekee mlangoni. Ndiyo sababu mtu asiinamishe kichwa chake mdomoni mwa shimo, wala asimtume mtoto kutazama, kwa kuwa ngiri akishtuka hutoka kama jiwe lililorushwa. Baada ya ngiri huja nungu, mbweha, fisi, nguchiro, chatu na mijusi. Hata ndege wamo. Yuko mbayuwayu wa rangi ya buluu, ambaye sasa amekuwa haba sana, ajengaye kiota chake juu ya dari la mashimo ya muhanga katika nchi za kusini, kisha akasafiri kuja kukaa miezi kadhaa katika nyasi za Uganda na magharibi ya Kenya, kama vile Ruma katika bonde la Lambwe.

Mtu anayetaka kujua kama shimo lina mwenyewe aangalie mlango. Utando wa buibui ukiwa mzima, hakuna aliyepita usiku ule. Udongo mbichi wenye alama za kucha ni dalili ya muhanga. Nyayo ndogo za kwato ni za ngiri.

Ugomvi na Mwenye Shamba

Haki na isemwe pande zote. Muhanga huleta hasara. Ng'ombe au farasi akikanyaga shimo kwa bahati mbaya huvunjika mguu. Trekta huzama gurudumu. Ukingo wa bwawa ukichimbwa huweza kuvuja. Jambo linalowaudhi zaidi wenye malisho ni kwamba hupita chini ya ua wa seng'enge kana kwamba haupo, na tundu alilolifungua hutumiwa na wanyama wengine, ngiri wakaingia shambani, mbweha na fisi wakaingia zizini. Kwa ajili hiyo wako watu ambao huwasha moto mlangoni mwa shimo, au huingiza mbwa, au huweka sumu.

Njia hizo hazifai, kwanza kwa sababu ya sheria. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 imeweka adhabu kwa anayeua mnyama wa mwitu bila ruhusa au kufanya biashara ya nyama yake. Pili ni kwamba hazisaidii. Sumu humwua mbwa wa jirani upesi kuliko muhanga, na shimo likizibwa kwa udongo mtupu hufunguliwa tena usiku ule ule, au lingine huchimbwa hatua kumi pembeni. Mwenye ng'ombe aweza kuyazungushia miiba mashimo yaliyo katika njia ya mifugo, na kuyajaza mawe yale tu yaliyo katika kingo za mabwawa, baada ya kuhakikisha kwamba hakuna kiumbe ndani. Huko Namibia wenye mashamba walijaribu kuweka milango midogo ya kuning'inia chini ya ua, mahali ambapo wanyama walikuwa wamezoea kuchimba. Ngiri na wanyama wa kuchimba walijifunza kuisukuma na kupita, na mashimo chini ya ua yakapungua. Gharama yake ni vipande vya chuma na waya.

Ua wa umeme una hatari yake. Waya wa chini ukiwa karibu mno na ardhi, kakakuona akiugusa hujiviringa juu yake badala ya kukimbia, akafa hapo hapo. Kuuinua waya huo kidogo kutoka ardhini ni kazi ya saa chache. Barabara nazo huua. Katika njia kuu ya kutoka Naivasha kwenda Nakuru, ambayo magari makubwa hayalali, dereva akiona macho yanayong'aa karibu na ardhi apunguze mwendo, kwani muhanga akipigwa na taa za gari haoni vema.

Likiwako jambo la kuogopwa kuliko yote, ni ukame. Katika jangwa la Kalahari, Afrika ya Kusini, wataalamu waliwatia wahanga sita vyombo vidogo vya kupima joto la mwili. Ukame wa mwaka 2012 na 2013 ulipokausha nyasi, mchwa walipungua, na wahanga wakaanza kutoka mchana kuota jua kwa kukosa nguvu ya kujitia joto. Usiku joto la miili yao lilishuka mno, la mmoja wao hata kufika digrii 25. Watano kati ya sita walikufa. Kenya nayo ilipata ukame mkali tangu mwaka 2020 hata mwanzo wa 2023, mvua zikakosekana misimu mitano mfululizo katika sehemu kame za nchi.

Kwa hiyo mchungaji wa Mogotio au Elmenteita akimwona muhanga ametoka saa tisa za mchana, amekonda, anatembea polepole kama asiyejali watu, asidhani kwamba mnyama huyo amerogwa au kwamba ni dalili ya msiba nyumbani kwake, wala asimwite mbwa. Mnyama huyo ana njaa. Awaondoe mifugo na watoto karibu naye, asimfukuze kurudi shimoni, na apeleke habari kwa maaskari wa wanyamapori walio karibu, akiwaeleza mahali penyewe na saa aliyomwona.